Paukwa Bila Pakawa: Namna ya Kupima Vifaa vya Mtoto, Simu na Michezo ya Uwani

Mpwa wangu alipofikisha miezi saba ya ujauzito aliniomba nimsindikize Kariakoo, akiwa na karatasi yenye vitu 38 ambavyo aliambiwa kwamba mama wa siku hizi hawezi kujifungua bila kuwa navyo. Tuliposimama mbele ya duka la kwanza la Mtaa wa Kongo, muuzaji aliipokea ile karatasi, akaipitia kwa haraka ya mtu aliyezoea, kisha akaongeza vingine vitatu. Jioni bibi yake aliisoma karatasi hiyohiyo, miwani imemshuka puani, akasema kwamba yeye alilea watoto sita kwa kanga, beseni, mafuta ya nazi na chandarua, na wote wako hai na wanamsumbua mpaka leo.

Katika nyumba hiyohiyo yumo mtoto wa miezi 14 ambaye hafungui kinywa kupokea uji mpaka simu isimamishwe mbele yake, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zikiendelea. Baba yake anasema mtoto anajifunza Kiingereza. Shangazi yake anasema simu itamletea usonji. Kila mmoja ana video aliyotumiwa na mtu kuthibitisha kauli yake, na mtoto anaendelea kumeza bila kuangalia kijiko kinatoka wapi.

Mabishano haya mawili, la vifaa na la simu, huzungumzwa kana kwamba hayana uhusiano, lakini yanaweza kupimwa kwa swali moja: kitu hiki kinamfanyia mtoto kazi gani, na kinamnyima kazi gani? Ni swali linaloweza kuulizwa mbele ya godoro, mbele ya mdoli unaoimba na mbele ya kishikwambi, na majibu yake mara nyingi hayaendani na bei.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Vitu vinavyouzwa kwa jina la mtoto vimo katika mafungu matatu ambayo dukani hupangwa rafu moja. Fungu la kwanza ni vitu vya lazima: nguo za kumkinga na baridi, nepi za kitambaa au pempasi, pa kulala palipo salama, chandarua chenye dawa, na kiti chake cha kufungwa mkanda kama familia ina gari. La pili ni vitu vya kurahisisha kazi ya mlezi, kama beseni lenye egemeo la kumlaza mtoto wakati wa kuoga. Vikiwapo ni vizuri, visipokuwapo mtoto hapungukiwi chochote. La tatu ni vitu vya ahadi, yaani vile vinavyouzwa kwa kudai kwamba vitamfanya mtoto atembee mapema, alale usiku kucha, awe na kichwa chenye umbo zuri au awe na akili kuliko wenzake. Hata jikoni kwetu mafungu haya yapo: sufuria ni lazima, brenda inarahisisha, na kile kikatio cha karoti kinachonadiwa stendi ya mabasi, ambacho mikononi mwa muuzaji kinatoa maua na nyumbani kinatoa lawama, ni cha ahadi. Pesa nyingi za wazazi wapya hupotelea kwenye fungu hili la tatu, na kwa bahati mbaya ndimo vilimo hata baadhi ya vitu vya hatari.

Chukua lile godoro dogo lenye neti inayofunguka kama mwavuli, ambalo huuzwa pamoja na mto mdogo wenye picha ya dubu. Neti ni kitu cha lazima katika nchi yenye malaria. Mto si wa lazima, na kwa mtoto mchanga ni afadhali ukae kabatini, kwa sababu mtoto ambaye shingo yake haijakomaa akigeuka na pua ikazama kwenye kitu laini hana nguvu ya kujinasua, na ataendelea kuvuta hewa ileile aliyoitoa. Ushauri wa madaktari wa watoto ni kwamba mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila midoli na bila blanketi lililorundikana. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka kama kumi iliyofuata, na mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vilivyoinuka upande mmoja pamoja na mito ya kuzungushia kingo za kitanda. Vitu hivyo vilikuwa vimeuzwa kwa miaka mingi, vikiwa na rangi za kuvutia na picha za watoto waliolala kwa amani.

Kigari cha kujifunzia kutembea, kile cha mviringo ambacho mtoto huning'inizwa katikati huku miguu ikigusa sakafu, kina historia inayofanana na hiyo. Jina lake lenyewe ni ahadi. Ukweli ni kwamba hakimfundishi mtoto kutembea, kwa sababu kutembea ni kujifunza kubeba uzito wako, kupepesuka, kuanguka na kujiinua, na kigari kinamwondolea kazi zote hizo huku kikimpa kasi ambayo hajaistahili. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Nchini Marekani watafiti walihesabu zaidi ya watoto 230,000 wa umri wa chini ya miezi 15 waliotibiwa hospitalini kati ya mwaka 1990 na 2014 kwa majeraha yaliyotokana na vigari hivyo, na wengi wao walikuwa wameporomoka kwenye ngazi. Nyumba zetu nyingi hazina ngazi, lakini zina jiko la mkaa lililowekwa chini, ndoo ya maji iliyo wazi na kizingiti cha mlango, na mtoto aliye kwenye magurudumu huvifikia hivyo vyote kabla mama hajageuza shingo. Mtoto wa umri huo anahitaji mkeka, kiti kizito cha kushikilia na mtu wa kumwambia "simama dede". Vyote hivi haviuzwi Mtaa wa Kongo kwa jina la mtoto.

Kuhusu chupa za maziwa, wazazi huuliza sana maana ya yale maandishi yanayosema kwamba plastiki yake haina kemikali ya BPA. Kemikali hiyo ilipigwa marufuku katika chupa za watoto kwenye Umoja wa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012, kwa hiyo kuitangaza leo kama sifa ya pekee ni sawa na muuza maji kuandika kwamba maji yake hayana mafuta ya taa. Jambo zito zaidi kuhusu chupa ni kuosha: chuchu na shingo yake zina kona ambazo maziwa huganda na vijidudu huzaliana, na ndiyo maana wahudumu wa afya hupendelea kikombe kidogo na kijiko kwa mtoto ambaye kwa sababu fulani hawezi kunyonya. Anayeweza kunyonya hahitaji kingine chochote, hata maji, mpaka atimize miezi 6. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala inazihusu chupa na chuchu pia, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 kuhusu jambo hilohilo, kwa hiyo mtu anayekupa chupa ya bure siku unayotoka wodini hakufanyii hisani.

Kwenye midoli na vichezeo ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapo usalama na makuzi hukutana. Kwenye boksi la kichezeo mara nyingi kuna alama ya uso wa mtoto uliokatwa na mstari, na ndani yake tarakimu 0 na 3. Wazazi wengi huichukulia kuwa ni kipimo cha akili, na nimewahi kumsikia baba mmoja akijigamba kwamba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anacheza na vya watoto wa miaka mitatu. Alama hiyo haizungumzii akili hata kidogo. Inazungumzia koo. Wapimaji hutumia kikopo chenye upana wa takriban milimita 32, ukubwa unaokaribia kizibo cha soda ya chupa, na kichezeo chochote au kipande chake kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa kinaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani unaweza kutumia kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana zaidi kidogo na kwa hiyo kinakupa nafasi ya tahadhari: kinachopita humo hakimfai mtoto ambaye bado anaonja dunia kwa mdomo. Karanga inapita. Mbegu ya ubuyu inapita. Gololi, kete za bao na vijiwe vya mdako vyote vinapita, na hii ni sababu mojawapo ya kutoamini kwamba kila cha asili ni salama kwa kuwa ni cha asili.

Kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila nyumba ikijue: betri ndogo bapa, inayofanana na kifungo cha shati au sarafu, iliyomo kwenye rimoti, kwenye saa, kwenye kadi zinazoimba na kwenye vichezeo vingi vya bei nafuu. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, unyevu wa koo hukamilisha mzunguko wa umeme, na mahali betri inapogusa hutengenezwa kemikali kali ya aina ileile inayotumika kuzibulia mabomba. Kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa 2, hata kama betri ilikuwa imeshachoka kuwasha taa. Mtoto anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kutapishwa na bila kusubiri aitoe chooni. Ukinunua kichezeo cha betri, angalia kama mfuniko wake unafungwa kwa skrubu. Unaofunguka kwa ukucha urudishe rafuni.

Hapa mitumba inahitaji jicho la ziada. Nguo za mtumba kutoka Karume au Gikomba hazina ubaya zikifuliwa vizuri na vifungo vyake vikavutwavutwa ili kuona kama vimeshika. Vichezeo vya mtumba vina matatizo matatu: skrubu ya mfuniko imepotea, boksi lenye alama ya umri halipo tena, na rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo. Kiti cha gari cha mtumba nacho kinaweza kuwa kimeshapata ajali nje ya nchi, na plastiki iliyopasuka kwa ndani haionekani kwa macho. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, au ya KEBS, lile la Kenya, husaidia pale inapokuwepo, mradi tuelewe inasema nini: inasema bidhaa imepimwa kwa kiwango fulani, haisemi kwamba inamfaa mtoto wako wa miezi mitano.

Bibi naye ana makosa yake. Poda aliyokuwa akiwapaka wajukuu shingoni huingia mapafuni inapopeperuka, na kampuni ya Johnson & Johnson yenyewe iliacha kuuza poda yake ya watoto iliyotengenezwa kwa ulanga duniani kote mwaka 2023. Wanja wa mawe, ambao pwani mtoto hutiwa machoni au kuchorwa usoni, mara nyingine hutengenezwa kwa jiwe lenye madini yaleyale ya risasi. Ushanga na uzi wa shingoni unaweza kumkaba akiwa usingizini. Kwa chandarua, kanga na beseni, hata hivyo, bibi yuko sahihi kabisa.

Sasa tuje kwenye mchezo, na hapa nitaomba msaada wa ngano. Msimulizi akisema "Paukwa!" hunyamaza kidogo. Anasubiri "Pakawa!" Asipojibiwa hasimulii, na akijibiwa kwa uvivu hurudia mpaka sauti zichangamke. Mtoto mchanga hujifunza kwa mpango huohuo. Anatoa sauti isiyo na maana, mama anamtazama na kumjibu, "Eti nini, baba?", mtoto anatulia, anatafakari, anatoa sauti nyingine. Akielekeza kidole kwa kuku, mtu anasema "kuku", na neno linakutana na kitu wakati uleule moyo wake umekielekea. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa na Tanzania mwaka 2021, inakiita kitu hiki malezi yenye mwitikio na kukihesabu sambamba na afya njema, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Neno lenyewe ni la kiofisi, lakini maana yake ni pakawa.

Video haisubiri pakawa. Hata ile inayouliza swali na kunyamaza kwa sekunde tatu itasema "Vizuri sana!" kwa mtoto aliyejibu, kwa aliyekaa kimya na kwa kochi tupu. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Patricia Kuhl, na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningetamani baba wa yule mtoto wa miezi 14 alisikie. Waliwachukua watoto wa miezi 9 waliokuwa wakilelewa kwa Kiingereza, wakawapa vipindi 12 vya kusikia Kichina. Kundi moja lilikaa na wazungumzaji waliokuwapo chumbani, wakicheza nao na kuwasomea vitabu. Jingine liliona na kusikia mambo hayohayo kupitia televisheni, na jingine lilisikia sauti tu. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakujifunza, wala waliosikia sauti peke yake, ingawa masikioni mwao yaliingia maneno yaleyale. Kwa mtoto wa umri huo, basi, katuni ya Kiingereza si mwalimu wa Kiingereza. Akija kuyataja majina ya rangi kwa Kiingereza akiwa na miaka miwili huku akishindwa kuomba maji kwa lugha yoyote, tusiharakishe kupiga makofi.

Kosa ni kudhani kwamba tatizo hili limefungwa ndani ya skrini. Mwaka 2016 mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona alichapisha matokeo ya kuwarekodi wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwa aina tatu za vitu: vichezeo vya umeme vinavyoongea na kuimba, vichezeo vya kawaida kama vitalu, na vitabu vya picha. Wazazi waliposhika vichezeo vinavyoongea, wao wenyewe walipunguza kuongea, na watoto nao walitoa sauti chache zaidi kuliko walipokuwa na vitabu. Kitu kilikuwa kimechukua zamu ya mzazi. Kwa kipimo hiki mdoli unaoimba wa shilingi elfu hamsini unaweza kuwa karibu zaidi na simu kuliko na sufuria na mwiko, na sufuria ikawa mwalimu bora kwa sababu haisemi chochote mpaka mtoto aipige.

Kutokana na ushahidi wa aina hii, pamoja na ule wa usingizi na mwili, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Unazungumzia "muda wa skrini wa kukaa", yaani muda ambao mtoto ametulia mahali pamoja akitazama televisheni, simu au kishikwambi. Kucheza ngoma huku muziki unatoka kwenye televisheni si kitu kilekile. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja muda huo haushauriwi kabisa, na hata kwa wa mwaka mmoja haushauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4 usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora. Mwongozo huohuo, ambao watu huunukuu kwa sehemu ya simu tu, unataka mtoto mchanga alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, mtoto wa kuanzia mwaka 1 apate dakika 180 za kujongea za aina mbalimbali, na asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, iwe kwenye kigari cha kusukuma, kwenye kiti au mgongoni mwa mlezi.

Ndiyo, mgongoni pia. Sentensi hiyo imewashtua wengi, na mimi ilinishtua. Lakini haikatazi mbeleko. Inataka mtoto afunguliwe anyooshe viungo kabla ya kubebwa tena. Mbeleko bado ina sifa ambayo kigari cha kusukuma hakina: mtoto anasikia mama akisalimiana, akibishania bei ya nyanya na akicheka, na uso wa kila anayesimama kumsalimia mama unamfikia usawa wa macho.

Turudi kwa shangazi na usonji. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana, na chembe za urithi zina nafasi kubwa ndani yake, simu haiuleti. Hofu hii imepata nguvu kwa sababu dalili huonekana katika umri uleule ambao watoto wengi hupewa simu, na mtoto ambaye tangu mwanzo havutiwi sana na nyuso za watu anaweza kung'ang'ania skrini kuliko wenzake. Madhara ya imani hii ni ya aina mbili: mama analaumiwa kwa jambo ambalo hakulisababisha, na familia inaficha simu kwa miezi sita ikisubiri mtoto abadilike badala ya kumpeleka akaonwe na mtaalamu. Mtoto ambaye haitikii jina lake akiwa na mwaka mmoja, au aliyekuwa na maneno kisha akayaacha, apelekwe kliniki sasa, simu iwepo isiwepo.

Kuhusu macho, mwanga wa simu hauchomi jicho kama wengi wanavyoamini. Kinachojulikana ni kwamba watoto wanaokaa nje mchana kwa muda mrefu wana uwezekano mdogo zaidi wa kupata tatizo la kutoona mbali. Saa ya katuni, kwa hiyo, hudhuru zaidi kwa kuwa ni saa iliyoondolewa kwenye jua.

Kuna skrini moja ambayo wataalamu wengi huitoa kwenye hesabu, nayo ni simu ya video. Bibi aliye Tanga na babu aliye Muscat au Toronto wakimwita mjukuu kwa jina, wakacheka anapocheka na kunyamaza anaposhangaa, pakawa imejibiwa ingawa imepita kwenye kioo. Mtoto mdogo humhitaji mtu mzima pembeni wa kumshikia simu na kumwambia "huyo babu, mpungie mkono", lakini mazungumzo ni mazungumzo.

Baada ya miaka miwili skrini huanza kuwa na kitu cha kutoa, mradi ichaguliwe. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza katuni za elimu kwa Kiswahili kwa watoto wa Afrika kwa zaidi ya miaka kumi sasa, zikienda kwa mwendo ambao mtoto anaweza kuufuata, na tofauti yake na zile video za mayai ya kufungua zawadi huonekana hata kwa mtu mzima aliyekaa dakika tano. Kukaa hizo dakika tano ndilo jambo lenyewe. Mzazi anayetazama pamoja na mtoto na kuuliza "huyu analia nini?" anairudisha pakawa iliyokosekana. Zima pia ule mpangilio unaofanya video moja ikiisha nyingine ianze yenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hana breki na programu imetengenezwa ili asiwe nayo. Mtoto ambaye ameambiwa "ikiisha hii tunazima" huenda akalia kwa muda mfupi zaidi kuliko anayenyang'anywa katikati. Wakati wa kula na saa moja kabla ya kulala simu isiwepo. Mtoto aliyezoea kulishwa na katuni hafundishwi kusikiliza tumbo lake, na siku za kwanza za kumwachisha zitakuwa za kelele na uji sakafuni.

Nafasi inayoachwa na simu inahitaji kujazwa, na hapa watu wa rika langu huimba sifa za rede, kombolela, kidali po, ukuti na kuruka kamba kana kwamba tuliziacha uwani zikitusubiri. Uwa wenyewe umejengwa vyumba vya kupangisha. Barabara tuliyochezea chandimu sasa ina bodaboda. Na kwa kweli michezo hiyo mingi si ya mtoto mdogo: kombolela inataka mtu anayeweza kuhesabu, kujificha bila kucheka na kukubali kukamatwa, mambo ambayo huja baadaye, kwenye miaka sita au saba. Faida yake, inapofika zamu yake, ni kwamba haina mwamuzi. Watoto wanaobishana nusu saa kama mpira wa soksi ulimgusa mtu au haukumgusa wanajifunza kutunga sheria, kuzitetea na kuvumilia kushindwa, na hakuna programu ya simu inayobishana nao namna hiyo, kwa sababu simu ndiyo imeshika sheria zote.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu mchezo wa asili ni mambo madogo zaidi: kufunikwa uso kwa kanga na kufunuliwa, kupigishwa makofi, kumwaga maji kutoka kikombe hadi kikombe mtu mzima akiwa karibu, kuburuta boksi, kumlisha mdoli wa matambara uji wa mchanga. Haya hayahitaji mzazi asiye na kazi. Anayechambua mchicha anaweza kumpa mtoto shina moja naye achambue, na mazungumzo yakaendelea. Kinachoyaua mara nyingi si simu ya mtoto, ni ya mzazi, ambaye mtoto amesema paukwa mara nne naye bado hajainua uso.

Mpwa wangu alijifungua salama, na mtoto alipotimiza miezi minane tulirudi Kariakoo kununua kichezeo chake cha kwanza. Kijana wa dukani alitushushia simu ya plastiki inayowaka rangi tatu na kuimba, akaibonyeza mara mbili ili tuone. Mpwa wangu aliigeuza, akaukuna mfuniko wa betri kwa ukucha, ukafunguka.

"Na betri ikiisha, kinabaki kufanya nini?" akauliza.

Kijana alicheka. "Betri ikiisha, dada, unakuja kununua nyingine."

Tukaondoka na vikombe sita vya plastiki vinavyoingiana, vya rangi tofauti, ambavyo vilikuwa vimetundikwa nje pamoja na mabeseni na wala havikuwa upande wa vitu vya watoto. Kwenye daladala mtoto aliangusha kimoja, abiria wa mbele akakiokota na kumrudishia. Akakiangusha tena, akamtazama yule abiria, akasubiri.